MGENI MWENYE GITAA: SAFARI ZA WAIMBAJI WA KATANGA



Mara nyingi hapa tunaongea juu ya ardhi, juu ya wakimbizi, juu ya mabaraza ya wazee. Leo nitaongea juu ya gitaa. Najua wako watakaouliza: gitaa na amani vinakutana wapi? Nitawajibu polepole. Kuna neno moja ambalo nimechoka kulisikia. Nimelisikia sokoni, nimelisikia nje ya kanisa baada ya misa, nimelisikia vinywani mwa watu waliosoma kunizidi mimi. Ndilo hili: "Sisi na wale watu, tangu zamani, hatukukaa pamoja." Mtu akisema hivyo ninamuuliza: tangu zamani ipi? Kwa maana kuna watu waliotembea na gitaa katika nchi hii, wakala na kulala katika nyumba za hao wanaoitwa "wale watu". Habari yao inajulikana, ina majina na miaka. Basi tuifuate.

Nitasema juu ya Katanga, kwa sababu ndiko habari hii ilikokuwa na nguvu zaidi, na kwa sababu huko ndiko ilikopata kidonda kikubwa baadaye. Wenzetu wa Kivu na Maniema wasikilize vilevile. Watajikuta ndani yake.

Tuanze na kijiji cha Bunkeya. Mwaka 1930 alizaliwa pale mtoto aliyeitwa Mwenda, na kwa ubatizo Jean-Bosco. Baadaye alijiita Mwenda wa Bayeke, na jina hilo lenyewe ni historia ya safari. Wayeke hawakuota Bunkeya kama mti. Baba zao walikuwa wachuuzi wa Unyamwezi, nchi iliyo leo katika Tanzania, waliovuka Ziwa Tanganyika kutafuta shaba, chumvi na pembe za ndovu. Mmoja wao, Msiri, alikaa, akaoa, akafanya mapatano na wenye nchi, akajenga ufalme wa Garenganze. Sitawaficha kwamba misafara yake ilibeba watumwa pia. Jambo hilo ni kweli, na wajukuu wa waliouzwa hawajalisahau. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, wakati msafara wa Stairs ulipokuja kumtaka akubali bendera ya Mfalme Leopold. Lakini Wayeke walibaki, na hata Kiswahili kilichokuja pamoja na wachuuzi kilibaki. Kwa hiyo, kama mtu akisema Mwenda Jean-Bosco ni mwana wa Katanga asili, anasema kweli. Na kama akisema ni mjukuu wa wageni, anasema kweli vilevile.

Kisha ikaja kazi ya migodi. Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na reli kutoka kusini ikafika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Shaba ilihitaji mikono. Watu waliandikwa kazi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kutoka Kasai, kutoka Maniema na Lomami, hata kutoka Ruanda-Urundi. Mwaka 1928 reli ilifika Port-Francqui, ndiyo Ilebo, na tangu siku ile Mluba wa Kasai aliweza kupanda treni kwao na kushuka Jadotville, yaani Likasi. Katika kampi moja ungekuta Mbemba, Msanga, Mluba, Mlunda, Mtetela, Mhemba. Wangeongea lugha gani? Wakachukua Kiswahili, wakakikata kidogo huku na huku, wakatia ndani yake maneno ya Kiluba, ya Kibemba na ya Kifaransa. Waalimu wetu walikicheka. Lakini lugha hiyo ilizaliwa kwa sababu watu walitaka kusikilizana, na mimi siwezi kuicheka.

Wabelgiji waliiita mitaa ya watu weusi kwa jina refu: centre extra-coutumier, maana yake mji ulio nje ya desturi. Ni jina la kuchekesha kidogo. Watu walifika na desturi zao zimefungwa ndani ya nguo. Siku ya mapumziko ilipofika, zilitoka.

Sasa tuje kwenye gitaa lenyewe. Baada ya vita vya pili vya dunia, gitaa lilienea katika miji hii ya shaba. Lilikuwa chombo kinachofaa kwa mtu asiyekuwa na nyumba yake. Ngoma kubwa inahitaji wachezaji na mahali. Gitaa linabebwa begani. Mpigaji mmoja wa Katanga, kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu, alitoa sauti ya chini na sauti ya juu kwa wakati mmoja, hata ukidhani wako watu wawili. Mwenda ndiye aliyejulikana kuliko wote kwa ufundi huo. Kando ya mpigaji alikaa mwenzake wa kuitikia sauti ya pili, na mara nyingi wa tatu aliyegonga chupa tupu ya soda kwa kisu au kwa msumari. Basi, kundi ni hilo: watu wawili, watatu, gitaa moja na chupa. Hata pesa ya tikiti ilipatikana kwa taabu, na chupa waliikuta huko walikokwenda.

Wengi wetu tukifikiri habari ya mwimbaji msafiri tunaona furaha tupu. Ngojeni niwaeleze kazi yake.

Jambo la kwanza lilikuwa karatasi. Wakati wa ukoloni mtu mweusi hakuweza kwenda alikotaka. Kutoka katika wilaya yake kwa zaidi ya siku thelathini kulihitaji ruhusa iliyoandikwa, na mjini alidaiwa kitabu chake cha utambulisho. Usiku hakuruhusiwa kutembea katika mji wa wazungu. Sasa mwimbaji kazi yake ni usiku! Ndiyo sababu wengi wao walikuwa na kazi nyingine mchana: karani, fundi, mlinzi, mtumishi. Mwenda mwenyewe, pamoja na sifa zake zote, alifanya kazi katika benki, na baadaye katika Gécamines. Msidhani ni aibu. Gitaa lilimpa jina, lakini mshahara wa mwezi ulitoka kwingine, na nadhani waimbaji wengi wanaonisikiliza wanatikisa kichwa sasa hivi.

Jambo la pili lilikuwa nyuzi. Uzi wa gitaa ukikatika Bukama, hakuna duka. Watu walifumua waya wa breki ya baiskeli, wakatoa uzi mmoja mwembamba, wakaufunga. Na kama sauti ya mwimbaji ilikuwa juu kuliko gitaa, walifunga kipande cha kalamu ya risasi kwa uzi juu ya shingo ya gitaa, mambo yakaendelea. Kijana aliyekuwa na baiskeli nzuri alijua kumwogopa mpiga gitaa.

Jambo la tatu, nalo ndilo kubwa, lilikuwa mahali pa kulala. Hoteli za mtu mweusi hazikuwako, au zilikuwa chache sana. Mwimbaji akishuka kwenye gare ya Tenke au ya Kamina, jua likizama, angelala wapi? Alitafuta nyumba. Kwanza nyumba ya mtu wa kwao, kama yuko. Kama hayuko, nyumba ya mtu aliyefanya kazi pamoja na kaka yake huko Kipushi. Kama hata huyo hayuko, nyumba ya yeyote aliyependa muziki. Na mwenye nyumba hakuwa tajiri. Nyumba ya kampi ilikuwa na chumba kimoja au viwili, bibi na watoto ndani. Mama wa nyumba ndiye aliyepika bukari na sombe, ndiye aliyejua kama samaki waliokaushwa wa Luapula watatosha watu watatu zaidi. Sisi tunaoandika habari za muziki tunamsahau huyu mama. Kama angesema hapana, wimbo usingepigwa katika kampi ile.

Siku nzuri ya kufika ilikuwa siku ya posho. Kampuni iligawa unga, maharagwe, chumvi na samaki kwa wafanyakazi wake, na siku hiyo kila nyumba ilikuwa na kitu. (Katika Kilingala neno hilo hilo, poso, limekuwa maana ya juma zima, watu walihesabu siku kwa chakula.) Siku ya mshahara ilikuwa nzuri zaidi. Watu walikaa uani, munkoyo au pombe ikaletwa, mwimbaji akaanza. Malipo yalikuwa faranga moja moja iliyotupwa ndani ya kofia, chupa ya bia, shati, kuku wa kubeba. Harusi ililipa vizuri. Matanga yalilipa kwa chakula, na mwimbaji hakuweza kukataa matanga, kwa kuwa mtu anayeimba arusini akakimbia kilio, safari ijayo hapokelewi.

Hapa ninawaomba msikilize kwa uangalifu. Mtu anayeishi hivyo hawezi kuimba anavyotaka. Amelala kwa Mluba, kesho anakwenda kwa Mbemba, kesho kutwa kwa Mlunda. Wimbo wake lazima uweze kuingia katika nyumba zote tatu. Ndiyo sababu nyimbo nyingi za Katanga za wakati ule zinahusu mambo yanayomwuma kila mtu: bibi aliyeondoka, rafiki asiyelipa deni, mama aliyebaki kijijini, pombe, umaskini, safari. Ndiyo sababu tena zilijaa majina. Mwimbaji alitaja jina la rafiki yake, jina la aliyempokea, jina la mtaa wake. Ilikuwa ni kulipa deni. Aliyetajwa alitembea kichwa juu mwezi mzima. Na majina hayo yalipofuatana ndani ya wimbo mmoja, yalikuwa ya makabila tofauti, bila mtu kukusudia somo lolote. Hakuna aliyewaambia waimbe juu ya umoja. Ilikuwa hesabu ya mtu anayetaka kulala ndani.

Mwaka 1952 gari la Hugh Tracey lilifika Katanga. Huyu alikuwa Mwingereza aliyekaa Afrika Kusini, akizunguka nchi nyingi na mitambo ya kunasa sauti. Jadotville alimkuta Mwenda akipiga gitaa, akanasa nyimbo zake, mmoja wao ukiwa "Masanga". Wimbo huo ulipewa zawadi ya Osborn kuwa muziki bora wa Afrika wa mwaka ule. Mwenda alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Disiki zikauzwa, zikafika Kenya, Uganda, Tanganyika, Rhodesia. Vijana ambao hawajapata kuiona Katanga waliweka sindano juu ya disiki mara mia, wakitafuta kidole gani kinagusa uzi gani. Mtaalamu mmoja wa Uingereza, David Rycroft, aliandika makala mbili katika 1961 na 1962 akieleza upigaji wa Mwenda sauti kwa sauti. Kwa upande wa pesa, nisiongee mengi: waimbaji wengi wa wakati ule walilipwa mara moja, wakaona disiki zao zikiuzwa miaka ishirini.

Binamu yake Mwenda, Édouard Masengo, alikuwa mtu wa namna nyingine. Mwenda alipendwa kwa vidole, Masengo kwa sauti na kwa kuchekesha. Aliimba pamoja na kikundi cha JECOKE cha Élisabethville, maana yake Jeunes Comiques de la Kenya. Msichanganye: Kenya hii ni komini ya Lubumbashi, si nchi ya Kenya. Lakini angalieni mchezo wa historia, maana Masengo wa komini ya Kenya alikwenda kukaa Nairobi, katika Kenya ile nyingine, na huko akawa mwimbaji mkubwa.

Mwenda naye alifika Nairobi mwaka 1959. Alipata kipindi chake katika redio, na alitumia gitaa lake kutangaza vidonge vya Aspro, dawa ya kichwa. Wako wataalamu wanaosikitika kwamba msanii mkubwa aliimba juu ya vidonge. Mimi sisikitiki. Mtu aliyelala kwenye gare ya treni na gitaa kifuani anajua thamani ya mkataba wa miezi. Ninachokiona kikubwa ni kwamba Wakenya walimpokea Mkongomani anayeongea Kiswahili chenye ladha ngeni, na wapiga gitaa wao wa kizazi kile walijifunza kwake. Wakati ule njia kati ya Katanga na Afrika ya Mashariki ilikuwa wazi: reli ya Kamina hadi Kabalo ilikuwa imeunganishwa mwaka 1956, hivi kwamba mtu wa Lubumbashi aliweza kwenda kwa treni mpaka Kalemie, akavuka ziwa mpaka Kigoma, akapanda treni nyingine mpaka Dar es Salaam. Leo mwanafunzi akikwambia hivyo utadhani anaota.

Halafu ukaja uhuru, tarehe 30 Juni 1960, na siku kumi na moja baadaye Katanga ikatangaza kujitenga. Sina haja ya kueleza siasa yote. Nchi ya kaskazini mwa Katanga iliungua. Na mwaka 1961, mjini Élisabethville penyewe, Waluba kwa maelfu na maelfu walikimbilia kampi moja chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Walikuwa majirani. Wengi wao walikuwa wenye nyumba, wale wale waliopokea wageni wenye gitaa miaka mitano kabla. Kujitenga kulikwisha Januari 1963, watu wakarudi katika mitaa, wakaoana tena, wakazika pamoja tena. Lakini jambo lililoanza mara moja linajua njia ya kurudi.

Kabla ya kufika huko, ninataka kuwakumbusha utani. Baba zetu walijua kwamba watu wa makabila mbalimbali hawawezi kukaa pamoja bila kuchekana. Wangoni na Wabemba walipigana katika karne ya 19, na baadaye, katika migodi ya Rhodesia, wakawa watani: mmoja anamtukana mwingine juu ya mazishi ya babu yake, na mwingine lazima acheke. Mwaka 1951, huko Luanshya, ng'ambo ya mpaka, kulikuwa na kikundi cha ngoma ya kalela cha vijana wa Kibisa. Walivaa suruali safi na viatu vilivyong'aa, wakaimba kwa Kibemba wakichekesha juu ya tabia za makabila mengine. Mtaalamu Clyde Mitchell aliwaangalia, akaandika kitabu mwaka 1956. Jambo lililomshangaza ni kwamba watu wa makabila yanayochekwa walisimama pale pale kusikiliza, nao wakafurahi. Kwa nini? Kwa sababu mwimbaji alijicheka mwenyewe pia. Na aliyechekwa alikuwa na haki ya kujibu Jumapili ijayo, kwa ngoma yake.

Sasa tuje Likasi, 1992. Mwezi wa Agosti mwaka ule Mkutano wa Taifa kule Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa mtu wa Katanga. Katika miji ya shaba wanasiasa waliwaambia vijana kwamba Wakasai ndio waliokula kazi zao, nyumba zao na nchi yao. Sitataja majina, kipindi hiki si mahakama. Kuanzia Septemba huko Likasi, na Machi 1993 huko Kolwezi, watu waliozaliwa Katanga, ambao baba zao walizaliwa Katanga, walifukuzwa nyumbani mwao. Walikimbilia gare za treni. Walikaa pale miezi, katika mvua, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka Kasai, nchi ambayo wengi hawakuijua. Watoto walikufa kwenye gare, wengine ndani ya treni. Waliofukuzwa walikuwa mamia ya maelfu.

Na muziki? Muziki ulikuwako. Hilo ndilo ninalotaka mlisikie. Ilikuwa ni nyimbo katika mikutano, nyimbo barabarani mbele ya nyumba za watu, na ndani yake kulikuwa na neno ambalo wengi wa Katanga wanalikumbuka: bilulu, wadudu. Wimbo huo nao ulitembea. Nao uliingia kampi kwa kampi. Sikilizeni tofauti yake na utani. Katika utani mwenzako ana jina, yuko mbele yako, na atakujibu. Mdudu hana jina wala hajibu, na mtu akiona mdudu anajua la kufanya. Aliyeimba bilulu hakuhitaji kulala kwa anayemwimba. Alikuwa na kwao pa kulala, na nyuma yake palikuwa na watu wa kumlisha.

Ninyi mlio Goma, Bukavu na Uvira mnajua habari ya jirani zetu. Huko Rwanda kulikuwa na mwimbaji maarufu, Simon Bikindi. Mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimhukumu mwezi wa Desemba 2008 kifungo cha miaka kumi na mitano. Mahakama ilisema nyimbo zake zilitumiwa kuchochea chuki, lakini kosa lililomfunga lilikuwa jingine: mwishoni mwa Juni 1994, katika barabara kati ya Kivumu na Kayove, alikuwa ndani ya gari lenye kipaza sauti, katika msafara, akiwahimiza watu waue. Mwimbaji njiani, naye. Nilipoisoma hukumu ile niliwaza juu ya wale wa treni ya Bukama, wasiokuwa na kipaza sauti wala gari, wala mtu wa kuwalinda, waliotegemea sufuria ya mama wa kabila jingine.

Nisieleweke vibaya. Waimbaji wa zamani hawakuwa malaika. Walimsifu mwenye pesa. Waliwasifu wakubwa wa kampuni wakati wenzao walikuwa wakiumizwa mgodini. Baadhi yao waliacha watoto katika kila mji wenye gare, na wanawake walibaki na mzigo. Na gitaa lao halikuzuia chochote, si 1960, si 1992. Mtu akiniambia muziki unaleta amani, ninamwomba aende Likasi aulize. Ninachosema mimi ni kidogo kuliko hicho: yule anayesema hatukukaa pamoja, anasema uongo, na ushahidi uko katika nyumba za kampi.

Mwaka 1969 Mwenda alikwenda Marekani, akapiga katika sherehe ya Newport mbele ya watu wengi sana. Kisha akarudi Lubumbashi, na kwa miaka mingi ulimwengu ulimsahau. Mwaka 1979 Mwingereza kijana, John Low, mpiga gitaa yeye mwenyewe, alifunga safari mpaka Shaba, kama ilivyoitwa Katanga wakati ule, akiwatafuta wale aliowajua kwa disiki tu. Aliwakuta Mwenda, Masengo, na Losta Abelo, wakiwa wazee kidogo, wakiwa na kazi na watoto. Alikaa nao, akajifunza, akaandika kitabu cha safari hiyo mwaka 1982. Basi safari hii mgeni mwenye gitaa alikuwa mzungu, na wenye nyumba walikuwa wao.

Mwenda alifungua hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Ninaipenda sana habari hiyo. Mtu aliyetafuta mahali pa kulala ujana wake wote, uzeeni akawa mwenye vyumba vya wasafiri. Alikufa mwezi wa Septemba 1990 katika ajali ya gari, huko Zambia, barabarani. Miaka miwili barabara kabla ya Likasi. Masengo yeye aliishi mpaka 2003, akayaona yote.

Sasa nina ombi. Kama katika nyumba yenu kuna mzee au bibi aliyekaa kampi za migodi, au kando ya reli, au katika bandari ya Kalemie au Uvira, ketini naye jioni hii. Msimwulize juu ya mwimbaji, kwa kuwa jina la mwimbaji linajulikana. Mwulizeni nani alimpokea. Alilala chumba gani, nani alipika, mama huyo alikuwa mtu wa wapi. Andikeni jina lake katika karatasi, na jina la kijiji alikotoka, halafu mtuletee hapa redioni au mwapeni padri au mchungaji atakayekuja mjini. Tutayasoma majina hayo katika kipindi, moja moja, bila kutaja kabila, isipokuwa kama ninyi wenyewe mmetaka litajwe.

Juma lijalo, saa hii hii, mwenzangu ataongea juu ya masoko ya mpakani. Mbaki salama.